Tao la Migomba kwenye Njia ya Ndege

Maman Nabintu alikataa kushuka garini. Tulikuwa tumefika salama kutoka Bukavu, yeye mbele karibu na dereva kwa sababu ya magoti yake, mimi nyuma na sufuria ya sambaza, dagaa wa ziwani, mapajani, na tangu tulipoiacha Miti alikuwa akiimba kwa sauti ndogo huku akijipepea na kitambaa. Shule yetu ya zamani ilikuwa ikizindua majengo mapya ya matofali, na wanafunzi wa zamani walikuwa wamekuja kutoka kila upande, wengine wana mvi nyingi kuliko mimi niliyewafundisha. Mbele yetu, kwenye lango, lilisimama tao kubwa la migomba na maua, na chini yake kijana mmoja wa kushereheshea alikuwa ameshika maikrofoni. Alipoliona gari letu akapaza sauti: “Na sasa anaingia shujaa wetu, mwanamke aliyedanganya jeshi zima kwa migomba!” Vigelegele vikapigwa. Furaha, mkuu wa shule, akaja mbio kutufungulia mlango wa gari. Maman Nabintu akauvuta, akaufunga tena.

“Mimi sishuke,” akasema. “Huyu mutu anasema niko muongo mbele ya batu bote.”

“Maman, ni sifa,” Furaha akambembeleza kupitia dirishani. “Banakusifu.”

“Sifa gani? Mugeni wangu alirudia njia, nikalia, na weye unaita ile sifa? Sitapita pale.”

Furaha akanitazama mimi. Nilijua anataka nini, na nilijua pia kwamba mama huyu, akishasema hapana, hata magoti yake yanapona ili asimame juu ya hapana yake. Kisa hicho nimekisikia Bukavu miaka mingi: kwenye harusi, kwenye foleni ya maji, hata nyumbani kwangu Cimpunda jirani alinisimulia bila kujua kwamba nilikuwepo. Kila kinaposimuliwa Maman Nabintu anazidi ujanja. Hakuna anayemuuliza mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nilishika kamba kwa mikono yangu miwili, na mwaka ule ndio ulionifanya mwalimu. Ngoja niueleze ulivyokuwa.

Mahali penyewe tulipaita Labazi. Si uwanja wa Kavumu ambao kila mtu anaujua. Hiki kilikuwa kiwanja kidogo cha ndege za kijeshi, kando ya njia ya kwenda Kalehe, ambacho leo ukipita na gari lako huwezi kukitambua. Wazee walisema Wabelgiji ndio waliokijenga, kisha wakakiacha kwa askari wetu, na askari wetu nao ndege zikawapungukia kidogo kidogo mpaka siku moja wakapakia vitanda vyao kwenye kamyo, lori la jeshi, wakaenda zao. Walibakiza hangari moja kubwa ya mabati, mapipa ya mafuta, nyumba ya maofisa, na njia ya ndege iliyonyooka kuelekea ziwani. Watu hawakuchelewa. Njia ya ndege ikawa mahali pa kuanikia muhogo, na kila familia ilikuwa na kipande chake cha lami, kinachojulikana, ambacho mtu hakigusi bila ruhusa. Ile soksi kubwa ya kitambaa cha rangi ya machungwa, iliyowaonyesha marubani upepo unatoka wapi, ikashonwa magauni ya watoto. Moja lilivaliwa na mtoto wa darasa langu, naye ndiye Furaha huyu huyu. Ungeweza kumwona kutoka barabarani. Na hangari ikawa shule.

Nilifika pale nikiwa na miaka kumi na tisa, diploma yangu bado inanuka wino, sanduku langu kichwani, na moyo wangu uko chini kabisa. Nilikuwa nimeota darasa lenye mlango. Directeur Baguma, mkuu wetu, mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kulima bustani, alinipokea kwa heshima zote na kunionyesha darasa la pili: safu ya mapipa yaliyolazwa na mbao juu yake, ubao mmoja, na mkeka uliotundikwa kwenye kamba kututenga na darasa la tatu. Madarasa sita yalikuwa ndani ya hangari ile moja, yanatenganishwa na mikeka tu. Nikimuuliza mtoto saba na nane ni ngapi, jibu lilitoka darasa la nne. Watoto wangu wa miaka minane walijua mito yote ya darasa la sita kwa sababu waliisikia kila Jumanne. Na juu ya ukuta wa nyuma askari walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu, herufi zenye urefu wa mtu: DÉFENSE DE FUMER. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza la kusoma la kila mtoto wa Labazi. Kabla hajajua kuandika jina lake, alijua kwamba sigara ni marufuku.

Mvua ndiyo iliyonitisha. Mara ya kwanza iliponyesha juu ya mabati yale, nilifungua kinywa na sikujisikia mwenyewe. Nilitaka kulia. Kisha nikaona Directeur Baguma anapita katikati ya mikeka, anaizungushia kamba na kuipandisha mmoja mmoja mpaka hangari yote ikawa chumba kimoja, na watoto wote wakakaa wima wakiangalia mikono ya walimu wao. Wao walikuwa na somo la mvua. Ngumi kifuani ni “andikeni,” vidole viwili hewani ni “futeni,” kiganja kuelekea chini ni “kaa.” Aliye na jibu aliliandika kwenye kibao chake na kukiinua juu. Aliyekosea alirekebishwa na jirani yake kwa kuguswa bega. Nilijifunza ishara zile kwa wiki chache, na nawaambia kweli, nilifundisha vizuri zaidi siku za mvua kuliko siku za jua, maana kijana wa miaka kumi na tisa anaongea sana.

Nililala kwa Maman Nabintu, katika nyumba ya maofisa. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa pale, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kufika ng’ambo ya ziwa, na kazi yake iliyompa jina ilikuwa matao, au arche kama alivyoyaita mwenyewe. Harusi, ubatizo, ziara ya monseigneur askofu, hakuna mgeni wa maana aliyeingia vijiji vile bila kupita chini ya tao la Maman Nabintu. Alijua mgomba gani unakaa siku mbili bila kunyauka, na ua gani linaning’inia vizuri na lipi linamwangukia mgeni kichwani. Kitanda changu kilikuwa nyuma ya kaunta ya baa ya maofisa, na kioo kirefu ukutani kilinionyesha uso wangu kila nilipoamka, jambo ambalo sikulizoea. Katika bafu la maofisa tuliloweka muhogo. Jioni akina mama walikuja kukaa upande wa pili wa kaunta, wakichambua maharagwe na kusemezana kwa Mashi, lugha ya pale, na mimi nikiwa nimelala nikisikia nusu na kuelewa robo, nilijua nani anaoa, nani ameiba mbuzi na nani anasingiziwa. Bugali ya muhogo wa lami, tuliita hivyo, na sambaza za kukaanga, na mboga za lengalenga: sijala vizuri vile tena. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeshasahau kwamba nilitaka darasa lenye mlango.

Ndipo habari ikaja. Askari mmoja alifika kwa pikipiki, akasimama mbele ya hangari bila kuizima, akamwambia Directeur kwamba wakubwa wanafikiria kuirudisha Labazi mikononi mwa jeshi. Mkubwa mmoja angekuja Alhamisi, kwa ndege, kuangalia. Akiridhika, shule iondoke. Iende wapi, yule askari hakujua, wala si kazi yake kujua. Pikipiki ikaondoka. Nakumbuka Directeur alibaki amesimama akiikamata tai yake. Shule nyingine ya karibu ilikuwa Miti, mbali mno kwa miguu ya watoto wa darasa la kwanza, na kila mmoja wetu alijua kwamba wengi wao wangebaki nyumbani kuchunga mbuzi, basi. Mimi ningerudi mjini kumsaidia dada yangu kupima unga sokoni. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Niliwaangalia watoto wangu na vibao vyao, na yule aliyevaa soksi ya upepo, nikaona kwamba nimeanza kuwapenda na sasa wananyang’anywa.

Jioni ile baa ilijaa. Wengine walitaka kumwandikia askofu, wengine walitaka kukimbiza mabati porini. Maman Nabintu aliwasikiliza wote, kisha akapiga kaunta kwa mwiko.

“Huyu mutu ni mugeni,” akasema. “Hajatufanyia mubaya bado. Tutamupokea sawa mugeni. Akiona batoto banapokea batu vizuri, atasikia haya ya kubafukuza.”

Huo ndio ulikuwa mpango wote. Hapakuwa na hila ndani yake hata ya ukubwa wa punje ya mtama. Kesho yake muhogo wote ukaanuliwa, na akina mama na watoto wakaifagia njia ya ndege toka mwisho mpaka mwisho, wakang’oa majani yaliyoota kwenye nyufa. Sijawahi kuona lami safi namna ile. Kilichobaki kilikuwa tao. Directeur Baguma alipendekeza liwekwe mbele ya hangari.

“Directeur,” Maman Nabintu akamuuliza, “monseigneur akikuja, arche tunaiwekaka wapi? Ku chumba yake ya kulala?”

“Hapana. Ku barabara, kwenye anaingilia.”

“Njo vile. Na ndege inaingilia wapi?”

Sote tukageuza vichwa kuelekea ziwani, kule njia ya ndege inakoanzia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuona ndege ikitua. Wale waliokuwepo zamani za askari walikatazwa kukaribia, na mimi mtoto wa mjini nilikuwa nimeziona juu tu, zinapita.

“Na kama haienee mu ile nafasi?” Directeur akauliza. Alikuwa mtu mwangalifu.

Maman Nabintu akafikiri. Kisha akatembea mpaka mlango wa hangari, ule mkubwa wa kuteleza, akaugonga kwa kiganja. “Hii mulango, ndege zilikuwa zinapitaka humu ama hazikupitaka?”

“Zilipitaka.”

“Basi tupime hii mulango.”

Mimi ndiye niliyeshika kamba upande mmoja, na Directeur upande wa pili. Tulipima upana, tukampandisha kijana mmoja kwa ngazi kupima na urefu, na Maman Nabintu akaongeza kidogo kila upande ili mgeni asibanwe. Iliwachukua watu siku nzima kusimamisha mikaratusi ile mirefu, kuivika migomba na kuvuta juu yake kamba yenye maua na vitenge vya akina mama wote wa Labazi. Tulipomaliza tulirudi nyuma tukaangalia. Lilikuwa tao zuri kuliko yote aliyowahi kujenga, na yeye mwenyewe alisema hivyo. Lilisimama kukingama njia ya ndege, mwanzoni kabisa, na katikati yake ukiangalia uliliona ziwa.

Ndege ilikuja Alhamisi mchana. Tulikuwa tumejipanga pande zote mbili za lami, watoto wameoga, wimbo wa kumpokea mgeni umeshaanza kabla hata hatujaiona. Ilishuka, ikashuka, tukapaza sauti, halafu karibu kabisa na tao ikainuka ghafla kwa mngurumo ambao ulipeperusha vilemba. Watoto walishangilia. Ikazunguka juu ya vilima, ikarudi chini tena, na safari hii niliona kichwa cha mtu dirishani akitupungia mkono, nasi tukampungia kwa furaha, na yeye akazidi kupunga, akifanya hivi, hivi, kama mtu anayefukuza kuku. Tukaimba zaidi. Kisha ndege ikageuka upande wa Kavumu ikaenda zake, na wimbo ukatufia vinywani.

Maman Nabintu alikaa chini, palepale kwenye lami aliyoifagia, na gauni lake la sikukuu. “Amekataa,” akasema. “Ameona arche yetu, amekataa kupita.” Akalia kwa sauti, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akilia. Nilikaa karibu naye nikamshika mabega. Tuliamini, sote, kwamba tumedharauliwa na kwamba mambo yamekwisha.

Mvua ikaanza kidogo kidogo, kisha ikamwagika. Directeur Baguma akatuangalia akasema kwamba kama ni siku ya mwisho ya shule, basi ni siku ya shule. Tukaingia hangarini na watoto waliolowa, akapandisha mikeka, tukaanza somo la mvua. Nilikuwa nikifundisha kugawanya. Ngumi kifuani, vidole viwili hewani, vibao juu. Sikusikia jeep ikifika kutoka Kavumu. Niliona tu watoto wa mbele wameyahamisha macho yao, nikageuka, nikamwona mwanajeshi mnene wa makamo amesimama mlangoni, maji yanamtiririka kofiani, akipiga kelele kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Alipaza sauti tena. Madarasa sita yakamtazama kwa adabu. Furaha, katika gauni lake la soksi, akamwonyesha kiganja kuelekea chini: kaa. Na mkubwa yule, sijui kwa uchovu ama kwa mshangao, akakaa kwenye pipa la darasa la pili.

Alikaa muda mrefu. Niliendelea kufundisha, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Aliangalia mikono yetu, akaangalia vibao vikipanda na kushuka katika hangari yote bila mtu kusema neno, na taratibu uso wake ukalegea. Akatoa sigara, akaiwasha. Furaha akamgusa bega, kama tunavyomgusa aliyekosea, akamwonyesha ukuta wa nyuma. Mkubwa akasoma. Akaizima sigara kwenye soli ya kiatu chake, akairudisha mfukoni.

Mvua ilipopungua alisimama. “Nani njo aliweka migomba mu piste ya ndege?” akauliza.

Maman Nabintu akatoka mlangoni alikokuwa amesimama, macho bado mekundu. “Ni mimi, Mukubwa. Kama ni mubaya, ni mubaya yangu. Lakini tulipima na hii mulango ya hangari. Ndege yako ingeenea.”

Mkubwa akaangalia mlango. Akamwangalia yeye. Akaangalia mlango tena, juu mpaka chini, na kitu kikaanza kumtikisa tumboni. “Mama na ngai!” akasema kwa Kilingala, yaani mama yangu, na akacheka mpaka akavua kofia na kujifutia machozi. “Maman, ndege haiingiake sawa kamyo! Inatokaka juu!”

Maman Nabintu naye akautazama mlango. Niliona uso wake unabadilika alipoelewa. “Basi haukukataa?” akauliza.

“Kukataa namna gani? Ningekufa!” Akacheka tena, kisha akatulia, akatuangalia sisi na watoto. “Musikilize. Minatumwa kuangalia kama ndege inaweza kushuka hapa. Leo minakuja na ndege, na ndege haikushuka. Njo vile nitasema kule, na itakuwa kweli.”

Alikula kwetu, kwenye kaunta ya baa, bugali na sambaza, na akatuambia kwamba alipokuwa askari kijana alilala katika hangari ile na hakuna siku aliyoweza kulala mvua ikinyesha. Maman Nabintu alimhudumia mwenyewe. Alipoinuka kuondoka akamuuliza kama sasa, kwa miguu tu, angependa kupita chini ya tao. Mkubwa akaangalia nje, giza linaanza kuingia, dereva ameshawasha jeep. “Siku ingine, Maman,” akasema. Hakurudi, na jeshi halikurudi, na watoto wakabaki na hangari yao. Tao lilisimama pale mpaka migomba ikakauka na upepo ukachukua maua. Maman Nabintu hakuruhusu mtu alibomoe. Mimi nilikuwa nikimwona jioni akisimama kando yake akiwa na kikapu cha muhogo, anarekebisha fundo lililolegea. Lilikuwa tao lake pekee ambalo hakuna mgeni aliyepita chini yake.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwenye maikrofoni, kwa kifupi zaidi, nikiwa nimeshuka garini na kumpokonya yule kijana wa kushereheshea kwa mkono uleule niliokuwa nikiwapokonyea watoto karanga darasani. Nilisema hatukumdanganya mtu. Nilisema tulimpokea mgeni kwa moyo wote na tukakosea kwa moyo wote. Dirisha la gari likashuka kidogo.

“Sema na ile ya mulango!” sauti ikatoka ndani.

Nikasema na ile ya mlango, jinsi tulivyoupima kwa kamba, na jinsi alivyoongeza kidogo kila upande. Hapo watu wakacheka, wote, wazee wenye mvi wakashikana mabega, lakini kilikuwa kicheko kingine, na mlango wa gari ukafunguka. Maman Nabintu akatanguliza fimbo, kisha mguu, kisha mwingine. Nikampa mkono. Tukatembea polepole mpaka kwenye tao, na pale akasimama akaanza kulikagua, akavuta kamba, akalisogeza ua moja lililokuwa likining’inia vibaya.

“Furaha,” akasema, “mulipima?”

“Tulipima, Maman. Sawa mulango ya hangari.”

Akatazama nguzo ya kushoto, akatazama ya kulia, macho yake dhaifu yakichukua muda kufika kule. “Iko muzuri,” akasema. “Sasa mugeni ni nani?”

“Ni wewe, Maman.”

Aliuachia mkono wangu, akanyoosha gauni lake, akapita peke yake, katikati kabisa, na sisi tukamwimbia wimbo uleule tulioiimbia ndege.